KNEC inajua, chuo hakiulizi

Kila mwaka, miezi mingi kabla ya mtihani wa KCSE wa kumaliza shule ya upili, walimu wakuu kote nchini Kenya huingiza majina ya watahiniwa wao kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, KNEC. Asiyeona huandikwa kwamba haoni. Asiyesikia huandikwa vivyo hivyo. Mwenye uoni hafifu huombewa karatasi ya maandishi makubwa, na wengine huombewa muda wa ziada. Ripoti za tathmini huambatishwa. Ikifika Novemba, karatasi ya msichana mmoja katika shule ya upili ya wasioona ya Thika imeshachapishwa kwa breli, ikafungwa, ikasafirishwa chini ya ulinzi wa polisi hadi kwenye dawati lake. Ni kazi kubwa, na huwa inafanyika.

Miezi kumi baadaye msichana huyo huyo anaripoti chuo kikuu jijini Nairobi, na kwenye foleni nzima ya usajili hakuna aliyejua kwamba mmoja wa wanaokuja haoni.

Hebu tuifuate safari ya taarifa yenyewe. Matokeo yakishatangazwa Januari, waliopata C+ na zaidi (kwa mtihani wa 2024 walikuwa zaidi ya 246,000) hupita mikononi mwa KUCCPS, shirika lililoundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuchukua kazi ya JAB, bodi ya zamani ya kupanga wanafunzi vyuoni. KUCCPS humpangia kila mmoja kozi, kisha hukabidhi vyuo orodha: jina, nambari ya mtihani, kozi. Wakati huo huo mwanafunzi anaomba ufadhili na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu. Tangu mfumo mpya wa ufadhili ulipoanza mwaka wa 2023, fomu hiyo humhoji sana kuhusu hali ya nyumbani kwao, na ulemavu ni mojawapo ya mambo yanayotiwa kwenye mizani. Akiwa na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, basi ameshapimwa na madaktari wa hospitali ya serikali pia. Serikali imemuuliza mara tatu na mara zote tatu imeyapokea majibu yake. Asiyeambiwa kitu ni yule atakayekaa naye miaka minne.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mjadala wetu kuhusu ulemavu vyuoni huishia kwenye lifti na rampu. Lifti ni muhimu, na hakuna haja ya kuwatetea waliochelewa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano kuyarekebisha, na hata ukianza kuhesabu kutoka 2010, kipengele hicho kilipoanza kutumika, muda huo uliisha kitambo. Lakini ukimbana msimamizi wa chuo kuhusu lifti, atakuonyesha madeni ya chuo, na utakosa la kumjibu. Ukimuuliza kwa nini mwanafunzi wa kiti cha magurudumu amepangiwa chumba ghorofa ya tatu ilhali vyumba vya chini vimejaa vijana wanaocheza raga, hapo hakuna deni la kusingizia. Jengo lina vyumba vya chini tayari. Kilichokosekana ni mtu aliyejua mapema.

Sera zenyewe tumejaaliwa. Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka wa 2008. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inazungumzia haki ya kufika mahali popote, kupata taarifa, kutumia lugha ya ishara na breli. Kabla ya hapo, kifungu cha 18 cha ile sheria ya 2003 kilizitaka taasisi za elimu zizingatie mahitaji ya wanafunzi wenye ulemavu katika masharti ya kujiunga, alama za kupita, mitihani, ratiba za masomo na matumizi ya majengo. Ratiba za masomo! Mtu aliyekiandika kifungu kile alikuwa ameshawahi kukimbizana na darasa la saa moja asubuhi. Wizara ya Elimu ikatoa sera ya wanafunzi wenye ulemavu mwaka wa 2018, na Mei 2025 Rais akatia saini sheria mpya kuchukua mahali pa ile ya 2003, iliyotokana na mswada wa Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho. Vyuo vingi vikubwa vina sera zao pia, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara nzima ya huduma hizi. Kwa karatasi, hatuna njaa.

Ila kwa mazoea ya vyuo vyetu, karatasi hizo zote hulala hadi mwanafunzi mwenyewe aje kuziamsha. Na anatakiwa aziamshe katika wiki ambayo hajui hata choo kiko wapi.

Nilimsindikiza kijana wa rafiki yangu siku ya kuripoti katika chuo kimoja cha hapa mjini. Anatembea kwa magongo. Baba yake alikuwa amebeba godoro kichwani, mama ameshika sanduku na bahasha ya vyeti. Mahema yalikuwa yamepangwa uwanjani: hapa unaonyesha risiti ya karo, pale unapigwa picha ya kitambulisho, kule unasaini daftari la wanafunzi. Kila hema lina foleni yake, na ardhi ilikuwa imelowa mvua ya usiku, magongo yanazama kwenye matope. Tulipofika kwa karani wa hosteli, akatazama kompyuta, akamtazama kijana, akatazama tena kompyuta. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu.

"Mzee, mngetuambia mapema," akasema, bila ubaya wowote.

"Tungemwambia nani, madam?" baba akauliza.

Karani hakuwa na jibu, na si kosa lake. Barua ya kujiunga ilikuwa na orodha ya vitu vya kuleta, akaunti ya benki ya kulipia karo, onyo kuhusu pombe, na fomu ya daktari ya kujazwa na kukabidhiwa siku ya kuripoti. Haikuwa na nambari ya simu ya mtu wa kumpigia kumwambia, "Mwanangu anatembea kwa magongo." Tulielekezwa kwenye ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalum. Ilikuwa ghorofa ya pili. Chumba cha chini kilipatikana katikati ya muhula, tena kwa sababu mama mmoja wa usafi alimhurumia akawaambia wakubwa kwamba kuna kitanda kimeachwa wazi. Kufikia hapo kijana alikuwa ameshakosa majaribio mawili ya asubuhi, na mhadhiri alikuwa ameshamweka kwenye kundi la watoro.

Ndiyo maana nashikilia kwamba wiki za kwanza ndizo zinazoamua. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anajua njia za panya: mhadhiri gani ana huruma, maktaba ipi ina meza karibu na mlango, mwenzake yupi hatachoka kumsomea. Mgeni hajui lolote kati ya hayo. Mafresha wasio na ulemavu nao wanahangaika na pesa za HELB zilizochelewa, na potali inayokataa nywila, na kozi zisizoonekana kwenye mfumo. Lakini wao wakichelewa wiki tatu, wanakopa daftari la mwenzao wananakili. Asiyeona atakopa daftari la nani?

Suala la maandishi linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndipo gharama ni ndogo kuliko mahali popote na uzembe ni mkubwa kuliko mahali popote. Mwanafunzi asiyeona siku hizi hatembei na rundo la breli. Ana kompyuta yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti. NVDA, mojawapo ya programu hizo, ni ya bure. Sasa mhadhiri anapiga picha kurasa za kitabu kwa simu, anaziunganisha kuwa PDF, anamtumia kiongozi wa darasa, kiongozi wa darasa anatupa kwenye kundi la WhatsApp. Darasa zima linashukuru. Programu inafungua faili ile, inatangaza kwamba kuna kurasa arobaini, kisha inanyamaza, kwa sababu kwake hizo ni picha tupu, hamna herufi hata moja ya kusoma. Kama mhadhiri angetuma faili aliyoichapa mwenyewe, kijana angeisoma sawa na wenzake usiku ule ule. Tena hapa sheria haina kizuizi: Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka wa 2017, mkataba unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa nakala ambazo wasioona wanaweza kuzisoma bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, na mwaka wa 2019 Sheria ya Hakimiliki ikarekebishwa kuendana nao. Maktaba inaweza kuanza kuandaa vitabu vya muhula wa kwanza tangu Juni, ikijua tu kwamba Septemba atakuja mtu wa kuvihitaji, na kwamba anakuja kusoma sheria au historia. Isipojua, itaanza Oktoba na kumaliza mitihani ikishapita.

Ratiba ndiyo hivyo hivyo. Zile kozi za pamoja zinazokusanya mamia ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupangiwa kumbi wiki kadhaa kabla ya muhula. Kuhamishia darasa ukumbi wa chini wakati huo ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta. Kulihamisha baada ya wiki ya pili ni vita vya idara tatu. Na kwa mwanafunzi anayelala hosteli za State House Road, ambaye lazima avuke Uhuru Highway kufika darasani, kumwekea vipindi viwili vinavyofuatana katika majengo mawili yaliyo mbalimbali ni sawa na kumfutia kimoja.

Wanaokosa nafasi chuoni hupanga nje, Ngara, Kahawa Wendani, KM, Juja, na huko mambo ni magumu zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Tembea Wendani utaona: ghorofa tano au sita, bedsita juu hadi juu, hakuna lifti, na ile ya chini, ambayo ndiyo pekee mtu wa kiti cha magurudumu angeweza kuipanga, ni maduka. Wakala wa M-Pesa, kinyozi, muuza chipsi. Landilodi ana hesabu zake. Ndiyo sababu kitanda cha chuo kwa mwanafunzi huyu hakipaswi kuingia kwenye kinyang'anyiro cha nani amebonyeza potali kwanza usiku wa manane.

Nikifika kwa wasiosikia, hoja yangu ya kwamba taarifa haigharimu kitu inafika ukingoni. Mkalimani wa lugha ya ishara hulipwa, na anastahili kulipwa vizuri, kwa sababu kutafsiri mhadhara wa saa tatu wa uchumi peke yako ni kazi ya kuvunja mabega. Hapa kujua mapema hakutoshi. Lazima pesa zije. Na kasoro iko kwenye namna tunavyofadhili. Katika mfumo wa 2023, ambao umezozaniwa mahakamani tangu Mahakama Kuu iutangaze kuwa kinyume cha katiba Desemba 2024, mahesabu huanza na gharama ya kozi, kisha gharama hiyo hugawanywa kati ya ufadhili, mkopo na familia kulingana na uwezo wa nyumbani. Ulemavu unaingia kama dalili ya uhitaji wa familia. Hauingii kama gharama ya kufundisha. Kwa hiyo chuo chenye wanafunzi kumi wasiosikia kwenye kozi ya elimu kinahesabiwa gharama ile ile ya kozi kwa kila kichwa kama chuo kisicho na hata mmoja. Mtu akikiambia chuo kiajiri wakalimani, kinatoa mfukoni, na mfuko wenyewe umetoboka. Mkuu wa chuo akiliona hilo, ana kila sababu ya kutotaka kujua nani anakuja. Sisemi kwamba wanafanya hivyo kwa makusudi. Nasema tumewapangia mfumo ambao kutojua ni nafuu kwao.

Dawa yake ni kutenga fedha za huduma zinazomfuata mwanafunzi, kando ya karo: akipangwa Nairobi, zinakwenda Nairobi, akihamia Maseno, zinamfuata. Idadi yao haitishi hazina. Sensa ya 2019 ilihesabu asilimia 2.2 ya watu wa miaka mitano na zaidi kuwa na ulemavu, kama watu laki tisa hivi, na wanaofika chuo kikuu ni sehemu ndogo sana ya hao, maana wengi wameshachujwa tangu shule ya msingi. (Sensa ya 2009 ilikuwa na asilimia 3.5. Watu hawakupona, maswali ndiyo yaliyobadilika. Anayepanga bajeti kwa takwimu hizi aende polepole.) Nimewahi kumsikia afisa akisema, "Lakini hapa kwetu wako watatu tu," kana kwamba amemaliza mjadala. Watatu ni watu unaoweza kuwapigia simu asubuhi moja na kumaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kuna pingamizi zito kuliko hilo la pesa, na linatoka kwa wanafunzi wenyewe. Si kila mtu anataka chuo kijue. Anayeishi na kifafa na hajaanguka tangu kidato cha pili anataka aanze ukurasa mpya mahali ambapo hakuna anayemkumbuka akiwa sakafuni. Halafu kuna hofu ya kuelekezwa. Kwa miaka mingi asiyeona amekuwa akisukumwa kwenye ualimu, aelewe asielewe kwa nini, na ukiwapa wakuu wa idara orodha ya majina kabla ya muhula, kuna atakayepiga simu kwa nia njema kabisa kumshauri mtoto aachane na kozi ya kompyuta. Hofu hizi ni za kweli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya kwenye kundi la data nyeti, na ni haki yake. Lakini sheria hiyo hiyo inaacha mlango: mwenye habari akikubali, zinaweza kusafiri. Kisanduku kimoja kwenye fomu ya KUCCPS kingetosha, chenye maneno ya kawaida: unakubali mahitaji uliyokuwa nayo kwenye KCSE yapelekwe kwa chuo utakachopangiwa, yaende kwa ofisi ya huduma za wanafunzi peke yake, baada ya kozi yako kuthibitishwa? Atakayekataa, akatae. Na kule kusubiri hadi kozi ithibitishwe ndiko kunakomfunga mdomo yule mshauri wa nia njema.

Kisanduku hicho hakitawapata wote. KNEC haiwezi kumjua mwenye selimundu ambaye hakuugua wakati wa mtihani, wala aliyepata ajali akisubiri kujiunga, wala yule anayepigana na msongo wa mawazo. Huyu wa mwisho amekuwa na sababu ya ziada ya kunyamaza: hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai katika nchi hii, na mwanafunzi aliyeokolewa hosteli angeweza kuishia kituo cha polisi kabla hajamwona mshauri. Kwa hawa, barua ya kujiunga lazima iulize upya, tena iulize vizuri. Fomu nyingi nilizoziona huuliza, "Je, una ulemavu? Taja." Swali hilo linamtaka mtoto wa miaka kumi na minane ajibandike jina. Ingeulizwa ni kitu gani chuo kikikifahamu kabla hajafika kitamsaidia kusoma, na pembeni pakawa na nambari ya simu inayopokelewa na mtu, wengi wangejibu ambao leo wanaacha nafasi tupu. Akijibu Julai, apigiwe simu Agosti.

Na kusiwe na danadana ya kumdai ushahidi mpya. Hakuna chuo kinachomrudisha mwanafunzi akafanye KCSE tena ili kiamini alama zake. Ripoti ya tathmini iliyotosha kwa KNEC itoshe kwa chuo, angalau kwa muhula wa kwanza, karatasi nyingine zikifuatiliwa mtoto akiwa darasani tayari.

Muda wa kulifanya hili ni sasa kwa sababu mfumo mzima wa elimu unabadilishwa hata hivyo. Kundi la kwanza la CBC, mtaala mpya wa umilisi, liliingia gredi ya 10 Januari 2026 na litabisha hodi vyuoni mwaka wa 2029. Watoto hao wamekuwa na nambari moja ya utambulisho tangu shule ya msingi, na walimu wao wamekuwa wakiingiza habari zao kwenye mfumo wa wizara, mahitaji maalum yakiwemo. Wizara, KNEC na KUCCPS zitalazimika kukaa meza moja kuamua ni nini kitasafiri na nambari hiyo kuelekea chuoni. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nayo ina kiti hapo. Wawakilishi wa wanafunzi wenye ulemavu wadai chao mapema, kabla safu za fomu hazijachorwa, maana mfumo wa kompyuta wa serikali ukishazinduliwa, kuongeza safu moja hutangaziwa zabuni.